Shosho, Nani na Rinda la Binti Mfalme

Shiru alipochaguliwa kuwa binti mfalme katika mchezo wa kuigiza wa shule yao, aliwapelekea habari hizo bibi zake wawili kabla hata hajamaliza kumsimulia mama yake. Jumamosi alimwambia wa kwanza, Jumapili akamwambia wa pili, na wote aliwaambia maneno yaleyale: "Wewe ndiye utanishonea rinda."

Hakuwa mtoto mwongo. Alikuwa na umri wa miaka sita, na alikuwa amegundua kwamba bibi akiombwa kitu uso wake hung'aa. Aliona si haki mmoja ang'ae na mwenzake abaki hivihivi.

Bibi wa Jumamosi alikuwa Virginia Wanjiru, mama yake Norman, baba Shiru. Alikuwa mjane, akiishi Woodley katika nyumba ya kaunsili yenye ua wa kayaba, nyumba aliyoipata zamani alipokuwa akipiga taipu katika ofisi za jiji. Tangu alipostaafu alikuwa akishonea watoto wa mtaa sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyokaa chini ya dirisha la sebule. Shiru, yaani Wanjiru kwa kifupi, alipewa jina lake, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka, na alimwita Shosho.

Bibi wa Jumapili alikuwa Jaswinder, mama yake Simran, mama Shiru. Aliishi Muthangari na mumewe katika nyumba kubwa iliyozungukwa na mabogonvilia. Naye alijua kushona. Alifundishwa na mama yake huko Kisumu, nyuma ya duka la vitambaa la familia, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha duka hilo, cha haraka na kisichobembeleza. Wapunjabi humwita mama mzaa mama Nani, kwa hivyo Shiru alimwita Nani, na jina hilo lilikuwa limeleta vurugu nyingi, maana kila alipotaja bibi yake, Mswahili yeyote aliyekuwa karibu alidhani ameulizwa swali.

Bibi hao wawili hawakuwa na ugomvi. Hawakuwa na urafiki pia. Norman na Simran walikutana wakifanya kazi katika benki moja mjini, wakapendana, wakaoana kwa msajili wa ndoa, na siku hiyo upande wa Simran hakuja mtu hata mmoja. Virginia alikaa pale na kofia yake ya kanisani, kando ya viti vitupu. Shiru alipozaliwa, Jaswinder alifika hospitalini na sufuria ya vyakula vya mzazi, akamshika mtoto, akalia, na tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Lakini ulikuwa mlango wa mtoto kupita. Wao wenyewe walikutana getini tu, mmoja akimchukua Shiru na mwingine akimkabidhi.

"Habari ya Woodley, Mama Norman?"

"Nzuri, Mama Simran. Habari ya Muthangari?"

Basi hivyo, kana kwamba mitaa ndiyo iliyokuwa ikijuliana hali.

Jumanne moja ya Oktoba, Virginia alishuka mjini akaelekea Barabara ya Biashara kutafuta kitambaa. Kichwani mwake rinda lilikuwa limekwisha kushonwa: satini nyeupe, mikono iliyofura kama maandazi, na sketi ndefu ya kuburuta sakafuni, na neti chini yake ili isimame. Alikuwa akiliwaza rinda hilo hata kanisani, na Mungu amsamehe, hata wakati wa mahubiri.

Aliingia katika duka alilolizoea, duka la kijana aitwaye Krish, ambaye alirithi kaunta kutoka kwa baba yake pamoja na wateja wote. Duka lilikuwa limejaa. Virginia alikuwa akiipapasa satini kwa vidole viwili aliposikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa marobota.

"Krish, hii nyekundu gani? Hii ni nyanya haijaiva. Mimi nataka nyekundu ya kweli. Mjukuu wangu ni binti mfalme, si mtu wa kuuza karanga."

Virginia aliijua sauti hiyo. Alitamani kutoka polepole, lakini Krish alikwisha kumwona.

"Mama Norman! Wewe pia leo ni binti mfalme?" aliuliza kwa furaha. "Uliniambia kwa simu, satini nyeupe ya binti mfalme. Mwezi huu wafalme ni wengi Nairobi!"

Jaswinder alichungulia. Walitazamana juu ya robota la pamba la maua, na wote wawili wakaelewa mara moja.

"Alikuambia wewe?" Jaswinder aliuliza.

"Aliniambia Jumamosi."

"Mimi Jumapili."

Krish, ambaye alikuwa mwerevu, akajifanya anapima kitu.

"Basi wewe shona, Mama Norman," Jaswinder akasema. "Alikuambia kwanza."

"Hapana, hapana. Wewe ndiye mzaa mama. Shona wewe."

"Mtoto ana jina lako."

"Jina ni jina tu. Wewe tayari umechagua rangi."

"Rangi gani? Hii nyanya? Hapana. Shona wewe, mimi nitafurahi kabisa."

"Nami nitafurahi zaidi ukishona wewe."

Walivutana hivyo kwa adabu kubwa, kila mmoja akirudi nyuma hatua, mpaka Jaswinder akafika mlango wa Biashara na Virginia akafika ule wa uchochoroni. Waliagana kwa mikono yote miwili. Kisha kila mmoja akaenda zake mikono mitupu, na Krish akabaki ameshika mkasi wake.

"Kwa hivyo hakuna mtu ananunua?" aliuliza.

Virginia alirudi Woodley akijiona mtu mwema. Ule wema ulimkera, lakini alikuwa ameutoa, na kitu ulichokitoa hukirudishi. Akaenda kupalilia sukuma wiki zake kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Huko Muthangari, Jaswinder alimwambia mumewe kwamba amemwachia mwenzake, kwamba ndiyo heshima, na kwamba asiulizwe tena. Mumewe hakuuliza.

Shiru alipokuja Woodley Jumamosi iliyofuata alisema, "Shosho, rinda langu?"

"Usijali, litakuwa tayari," Virginia alimjibu, akimaanisha kule Muthangari.

Kesho yake Shiru aliuliza Muthangari. Naye Nani akamwambia asijali.

Onyesho lilikuwa Ijumaa. Alhamisi ilikuwa Siku ya Kenyatta, sikukuu, shule zimefungwa na mji umelala. Asubuhi Virginia alikuwa akisikiliza redio na kuchambua maharagwe wakati simu yake ilipolia. Alikuwa Simran.

"Mama, heri ya sikukuu. Norman anamleta Shiru ajaribu rinda, ama?"

"Ajaribu rinda?" Virginia alisema. "Rinda si liko kwa mama yako?"

"Mama amesema liko kwako."

"Ati kwangu?"

"Amesema ulilishona wewe. Amesema alikuachia."

"Mimi ndiye niliyemwachia yeye!"

Simran alikuwa mpole, mtu wa kuhesabu maneno. Lakini siku hiyo alivuta pumzi, na Virginia akasikia zile pumzi zikija kwenye waya kama upepo.

"Mama, nawaheshimu sana nyinyi wawili. Na nyinyi mnaheshimiana kweli, nimeona. Kesho mtoto wangu atapanda jukwaani akiwa amevaa hiyo heshima yenu juu ya sweta ya shule." Kisha, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akasema, "Siku njema, Mama," na kukata simu.

Virginia aliketi na bakuli la maharagwe mapajani. Maduka yote ya Biashara yalikuwa yamefungwa. Ndani ya nyumba alikuwa na vitambaa vya sare tu: kijivu, kaki, na kijani kibichi cha shule ya msingi ya pale karibu. Aliwaza mapazia. Alisimama akayashika, akaona yamepauka kwa jua na hata fisi asingeyavaa.

Norman alimleta Shiru, akasema, "Mum, mimi siingii katika mambo haya," akaondoka haraka. Shiru alikaa kwenye ngazi ya mlango akila ndizi, akitazama barabara. Hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote. Watu wazima wawili walikuwa wamemwambia asijali.

Baada ya muda alipiga kelele. "Nani amekuja!"

"Sijui, wewe ndiye uko nje," Virginia alimjibu kutoka jikoni. "Nani?"

"Nani!"

"Si ndiyo nakuuliza, nani?"

"Shosho! Nani! Nani yangu!"

Virginia alitoka huku akipangusa mikono kwenye aproni. Gari dogo la kijivu lilikuwa limesimama nje ya ua wa kayaba, na Jaswinder alikuwa akitoka upande wa dereva. Alikuwa hajawahi kufika, lakini Simran alikuwa amempigia naye simu. Aliuliza kwenye kibanda cha mboga nyumba ya Mama Norman ni ipi, na watu watatu wakamwelekeza kwa wakati mmoja, mmoja akiwa amepanda naye gari mpaka kwenye kona. Mikononi alibeba furushi lililofungwa kwa shuka, akilikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Hakusema habari ya Woodley.

"Mama Norman, sisi ni wanawake wapumbavu," alisema.

"Kabisa," Virginia alijibu. "Karibu ndani. Niweke chai?"

"Chai baadaye. Wapi meza?"

Waliondoa bakuli, redio na kitambaa cha mezani. Jaswinder aliliweka furushi akalifungua fundo kwa fundo, na ndani ya shuka mlikuwa na hariri nyekundu. Haikuwa ya nyanya. Ilikuwa nyekundu nzito, ya damu ya mzee, na mwanga wa dirishani ulipoipata ilibadilika kidogo ikawa na zambarau ndani yake. Pembeni kulikuwa na tepu pana ya dhahabu iliyoviringishwa, haijatumika. Virginia, aliyeshika vitambaa maisha yake yote, alifuta tena mikono kwenye aproni kabla ya kuigusa.

"Hii umeitoa wapi na maduka yamefungwa?"

"Sandukuni." Jaswinder aliinyoosha kwa kiganja. "Nilinunua Simran akiwa darasa la saba. Dada yangu alikuwa anaenda India, Amritsar, nikampa pesa, nikamwambia leta nyekundu nzuri kuliko zote. Ya harusi."

Virginia aliondoa mkono wake. "Hapana, Mama Simran. Hii si ya mchezo wa shule. Watoto watamwaga juisi."

"Wamwage."

"Hii utaiweka. Shiru mwenyewe siku moja..."

"Siku moja, siku moja. Niliweka mara ya kwanza, ikawa nini?" Jaswinder alisema. Hakusema kwa hasira. "Imekaa gizani na dawa ya nondo. Kila mwaka naitoa, naikunja upya ili isikatike kwenye mikunjo, narudisha. Nimechoka kuikunja. Kata."

"Kata wewe. Ni yako."

"Mkono wangu hautakubali. Na usianze tena na heshima!" Jaswinder akainua kidole. "Kata wewe. Mimi naenda kuangalia mboga zako."

Akatoka kweli. Virginia alimwona kupitia dirishani akiwa amesimama kati ya sukuma wiki, mgongo umeelekea nyumba, akilitazama jani moja kwa makini sana.

Virginia alimwita Shiru, akampima kifua, kiuno na mabega, akampima kutoka kiunoni hadi kisigino. Alitandaza hariri, akachora kwa chaki upande wa ndani, akachukua mkasi wake mkubwa. Mkasi ulipoingia, kitambaa kilitoa sauti ndogo kama mtu anayenong'ona. Alikata bila kusimama, kwa kuwa alijua akisimama hataendelea. Alipomaliza kukata sketi alifungua dirisha.

"Tayari!"

Jaswinder alirudi na udongo kwenye viatu. Alivitazama vile vipande mezani, akavigusa kimoja kimoja, akasema, "Umekata vizuri," kisha akavua bangili zake ili zisikwaruze hariri.

Ndipo walipoanza kubishana. Virginia alitaka mikono iliyofura. Jaswinder akasema mikono hiyo ni ya mtoto wa bandia dukani. Jaswinder alitaka tepu ya dhahabu shingoni, kifuani, kiunoni na pindoni. Virginia akauliza kama ni binti mfalme wanamvalisha au ni lori la kwenda Mombasa. Jaswinder alicheka mpaka akakaa. Waliafikiana tepu iwe kiunoni na pindoni tu, na mikono ifure kidogo, kwa kiasi cha mtu aliyeshiba.

Virginia alikanyaga cherehani na Jaswinder akashika upande wa pili kuielekeza hariri, maana iliteleza kama samaki. Shiru alikaa chini ya meza akiokota pini kwa sumaku. Ilipofika zamu ya kujaribu, walimsimamisha juu ya kiti. Rinda lilimfika visiginoni na kupita, likamwagika kitini hadi chini kama maji mekundu, na bibi zake wawili wakarudi nyuma kumtazama.

Shiru alijitazama. Aliinua mguu mmoja, kisha mwingine.

"Ni zuri sana," alisema polepole. "Lakini nitakimbiaje?"

"Binti mfalme hakimbii," Virginia alimweleza. "Binti mfalme anakaa, watu wanamletea vitu."

"Huyu anakimbia. Kisima kimekauka, watu wote wanaogopa msituni, ndiyo mimi naenda kuchota maji. Halafu fisi ananifukuza. Nakimbia, nakimbia, naruka mto, na mtungi nimeshika. Mwalimu Lornah amesema nikimbie kweli."

Bibi wakatazamana.

"Kwa nini hukutuambia?" Jaswinder aliuliza.

"Hakuna mtu aliniuliza."

Virginia alianza kucheka kwanza. Wiki zote hizo alikuwa akimvalisha mtoto wa kukaa kwenye kiti cha enzi, na mwenzake vivyo hivyo. Ilibidi wakae wafikiri upya. Wakikata sketi fupi, alisema Virginia, mtoto akiruka mto ukumbi mzima utaona chupi yake. Jaswinder aliwaza akipigapiga meno kwa kidole.

"Suruali," alisema. "Chini ya rinda. Pana hapa, nyembamba hapa kwa kifundo. Rinda tunakata magotini."

"Binti mfalme na suruali?"

"Mama Norman, huko kwetu mabinti wa wafalme walipanda farasi. Ungepandaje farasi na hiyo sketi yako ya kuburuta? Ungekufa."

Virginia alimtazama Shiru, aliyekuwa ameshikilia rinda kwa mikono miwili, tayari kuruka kutoka kitini. "Haya," alisema. "Tukate."

Kitambaa kilichotoka chini kilitosha suruali, na kipande kikabaki. Shiru aliomba mfuko wa kutia leso yake, wakamtilia. Waliacha kazi mara moja tu, wakala maharagwe na chapati baridi, na Jaswinder akakubali chai. Alionja akasema haina tangawizi ya kutosha, na Virginia akamwambia tangawizi iko kabatini, ajihudumie, hapa si hotelini. Akajihudumia.

Alasiri kulitulia. Shiru alilala kwenye kochi. Virginia alikuwa akikanyaga mshono wa mwisho wa suruali, na Jaswinder ameketi dirishani akishona tepu ya dhahabu kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Mvua ilikuwa ikifikiria kunyesha bila kuamua.

"Siku ile kwa msajili," Jaswinder alisema bila kuinua kichwa, "Simran alivaa nini?"

Virginia aliacha kukanyaga. "Suti. Sketi na koti, rangi ya maziwa. Alitia ua hapa nyweleni."

"Alipendeza?"

"Alipendeza sana. Lakini kila mlango ulipofunguka, aligeuka."

Jaswinder alivuta uzi, akautazama, akauvuta tena.

"Mimi siku hiyo nilipika," alisema. "Baba yake alisema hatuendi, nikasema sawa, hatuendi. Kisha nikaingia jikoni. Nilipika kama harusi. Wali, dengu, jibini, vitamu vyote. Nilipika tangu asubuhi, hakuna mtu aliniambia nipike, na hakuna mtu alikuja kula. Jioni tulipakia sufuria kwenye gari tukapeleka hekaluni kwetu, watu wakala. Wakaniuliza, kuna sherehe gani? Nikasema, hakuna." Alikata uzi kwa meno. "Niliona aibu kusema binti yangu ameolewa leo. Sasa naona aibu kwamba niliona aibu."

Virginia hakuwa mtu wa kutafuta maneno mazuri. Alisogeza kigoda chake, akashika ule upande mwingine wa pindo, akatia uzi kwenye sindano yake na kuanza kushona kuelekea kwa mwenzake. Walishona hivyo, kila mmoja kutoka upande wake, na mwanzo mishono ilikuwa ya aina mbili, kisha Virginia akapunguza yake ili ifanane.

"Mimi nilichukia pia," alisema baadaye. "Usifikiri nilikuwa malaika. Nilisema, huyu msichana hajui hata kupika mukimo, atamlisha mtoto wangu nini?"

"Na sasa?"

"Bado hajui."

"Kwetu pia hajui kupika chochote," alisema Jaswinder. "Anajua benki tu."

Wakacheka chini chini ili wasimwamshe mtoto.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Norman na Simran walishika viti vinne mstari wa pili, na Simran alipoona bibi wakiingia pamoja kutoka gari moja, wakisukumana mlangoni kwa sababu kila mmoja anataka kubeba mfuko wa nguo, alimfinya mumewe mkono. Hakuwa ameambiwa ni kitambaa gani. Walikuwa wamekubaliana wamwache aone mwenyewe.

Pazia lilifunguliwa. Mfalme alilalamika kuhusu kisima, watu wakaogopa, na Shiru akatoka kati yao na mtungi wa plastiki, amevaa hariri nyekundu iliyomfika magotini na suruali iliyobana vifundoni, dhahabu ikimemeta kiunoni kila alipopumua. Mama mmoja nyuma yao alisema, "Ai, angalia hiyo nguo!" Simran alilitazama rinda, kisha akamgeukia mama yake. Alikuwa ameiona hariri hiyo mara moja tu, utotoni, sanduku likiwa wazi. Jaswinder alitazama mbele, kidevu juu. Simran alimpitishia Norman mkoba wake, akavuka magoti ya watu wawili, na akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono mabegani mwake. Alibaki amesimama hapo muda wote, hata mtu wa nyuma alipolalamika.

Kisha fisi akaja. Alikuwa mtoto mnene mwenye mkia wa kamba, na alikuwa amefanya mazoezi ya kunguruma. Shiru aliambiwa akimbie kweli, akakimbia kweli. Aliruka ule mto wa karatasi ya buluu, akavuka jukwaa, akashuka ngazi, akapita kati ya viti vya wazazi na kutoka mlangoni, fisi akimfuata na mkia mkononi. Ukumbi ulisubiri. Waliwasikia wakizunguka jengo, fisi akilia, "Shiru, simama, nimechoka!" Watu waliangua kicheko mpaka mwalimu mkuu akavua miwani kujifuta machozi. Mwalimu Lornah alimtuma mfalme awafuate. Waliporudi, binti mfalme alikuwa na nyasi magotini na mtungi umejaa maji halisi, maana alipita kwenye bomba la shule akaona hana sababu ya kurudi na mtungi mtupu. Wakampigia makofi wamesimama.

Chini ya pindo la kushoto hariri ilikuwa imechanika kwa kiasi cha kidole.

"Umeona?" Virginia alinong'ona.

"Nimeona," alisema Jaswinder. "Ni kidogo."

Kutoka shuleni walikwenda wote Muthangari, kwa kuwa Jaswinder alikuwa amepika, na safari hii alikuwa amewaambia watu mapema. Mumewe, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na asiye na maneno mengi, aliwangoja barazani. Alimwamkia Virginia kwa viganja vilivyounganishwa, akamvutia kiti, na Virginia alipomaliza kula, akamletea mwenyewe sahani ya pili kabla hajaombwa. Kwa mtu kama huyo, Simran alimwambia baadaye, hiyo ni hotuba ndefu.

Shiru alikataa kuvua rinda. Alikula akiwa amefungwa taulo shingoni, akawasimulia tena zile mbio za fisi, na kila aliposimulia zilizidi kuwa ndefu. Norman alilala kwenye zulia. Virginia alionja achari ya ndimu ikamtoa machozi, akaomba tena. Kisha mvua ikaja ya kweli, ikipiga bati la gereji na kuyaangusha maua ya bogonvilia kwenye nyasi, na Virginia akasema aanze kujiandaa kurudi kabla barabara haijajaa maji.

"Ngoja iishe," Jaswinder alisema.

"Hii haiishi leo."

"Basi ngoja."

Virginia alivua viatu akavisukuma chini ya kiti. Jaswinder alienda kuchemsha chai.